Makupa na Kibarani: Mgongo wa Mombasa Usiotazamwa

Kufunguliwa kwa daraja la Makupa mwaka 2022, daraja lenye urefu wa takriban mita 457 na lililotajwa kugharimu shilingi bilioni 4.5, kulitangazwa zaidi kama habari ya barabara: malori ya bandarini yangepita kwa urahisi, na msongamano kati ya kisiwa na Changamwe ungepungua. Jambo lililotajwa kwa uchache ni kwamba kazi hiyo iliondoa sehemu ya tuta la zamani, yaani ule ukuta mpana wa mawe na udongo uliojazwa baharini mwishoni mwa miaka ya 1920 ili kubeba barabara na reli, na hivyo ikaufungua mkondo uliokuwa umezibwa kwa karibu karne nzima. Mkondo huo ni mwembamba na hauna sura ya kuvutia wapiga picha, lakini hatima ya Mombasa imeamuliwa hapo zaidi ya mara moja, na kwa kiasi ambacho vitabu vya shule havijakitambua.

Historia ya Mombasa, kama inavyosimuliwa na waongoza watalii na hata na baadhi ya wasomi, hutazama bahari kuu. Huanza na Vasco da Gama mwaka 1498, hupita kwenye uchomaji wa mji uliofanywa na Francisco de Almeida mwaka 1505, na hutua kwenye Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya mhandisi Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ikafanywa jumba la makumbusho mwaka 1960 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Yote hayo ni kweli na yanastahili heshima yake. Lakini ni historia ya upande mmoja wa kisiwa, upande unaotazama meli za wageni, na inauacha nyuma upande unaotazama bara, ambako wenyeji wenyewe walipitia, wakafanyia biashara, na mara kwa mara wakakimbilia kuokoa roho zao.

Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na hori mbili, hori ikiwa ni mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi kavu: hori ya Tudor upande wa kaskazini, na ile ya Port Reitz upande wa magharibi, iliyopewa jina la John James Reitz, luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyewekwa Mombasa na Kapteni Owen mwaka 1824 na kufa kwa homa mwaka huohuo. Hori hizo hukutana Makupa, na ng'ambo ya pale ndipo ilipo Kibarani, mlango wa Changamwe. Maji yalipojaa, mkondo huo ulipitika kwa chombo. Yalipokupwa, hasa nyakati za bamvua, wakati ambapo maji hujaa mno na kupwa mno, mtu aliweza kuvuka kwa miguu. Kisiwa hakikuwa kisiwa kamili, basi, na kila aliyekitawala alilazimika kuhesabu saa za maji ya Makupa.

Tukio lililoifanya Makupa itajwe katika maandishi ya dunia ni lile la mwaka 1589, na simulizi yake inategemea zaidi watu wawili: João dos Santos, mmisionari wa shirika la Wadominiko aliyeishi Sofala na Msumbiji, ambaye kitabu chake kilichapishwa Évora mwaka 1609, na Diogo do Couto, mwandishi wa kumbukumbu za dola ya Ureno aliyekuwa Goa. Ifahamike mapema kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwapo Mombasa siku hizo, na kwamba wote wawili waliandika kwa masikio ya Wareno. Justus Strandes, mfanyabiashara Mjerumani aliyekaa Zanzibar na kuchapisha mwaka 1899 kitabu kinachotegemewa hadi leo kuhusu enzi ya Wareno katika pwani hii, aliwafuata wao, na karibu kila aliyeandika baadaye amemfuata Strandes.

Kwa mujibu wa simulizi hiyo, maadui watatu walikutana mahali pamoja katika mwezi mmoja. Wa kwanza alikuwa Mir Ali Bey, nahodha Mturuki aliyekwisha kufika pwani hii miaka michache kabla na kupokewa vizuri na miji iliyochoshwa na kodi za Wareno, Mombasa ikiwa mbele yao. Aliporudi, alikuja na merikebu tano za makasia, akajenga boma dogo mdomoni mwa bandari, akamngoja Mreno. Wa pili walikuwa Wareno wenyewe, waliotumwa kutoka Goa wakiwa takriban watu 900 katika vyombo 20, chini ya Tomé de Sousa Coutinho, ndugu wa gavana wa Goa, wakafika Machi 1589. Wa tatu hawakuja kwa bahari. Walikuwa Wazimba, kundi la wapiganaji lililotokea upande wa mto Zambezi, ambalo dos Santos alilikadiria kuwa watu 15,000, na ambalo lilikwisha kuivamia Kilwa mwaka 1587. Walipiga kambi barani, ng'ambo ya Makupa, wakingojea nafasi ya kuvuka.

Hapo ndipo umbo la kisiwa lilipomgeukia Mturuki. Kwa kuwa kivuko kiliweza kupitika kwa miguu, Mir Ali Bey alilazimika kuzitoa merikebu mbili kati ya tano na kuziweka Makupa, mizinga yake ikielekezwa kwa Wazimba, huku nguvu zilizobaki zikimngoja Mreno mdomoni mwa bandari. Kinga hiyo ilitosha kwa adui mmoja, haikutosha kwa wawili. Wareno walipita mbele ya boma, wakaziteka merikebu zilizokuwa bandarini, kisha wakazunguka kisiwa kwa njia ya maji hadi Makupa na kuziteka zile mbili pia. Kwa kufanya hivyo waliiondoa kinga pekee iliyosimama kati ya wakazi wa Mombasa na kundi lililokuwa ng'ambo.

Inasimuliwa kwamba mkuu wa Wazimba alituma ujumbe kwa jemadari Mreno, akimweleza kwamba, kwa kuwa yeye amekwisha kuitimiza kazi yake kwa heshima, ingefaa sasa amwachie mwenzake aikamilishe ya kwake. Wareno hawakupinga. Wazimba wakavuka, na watu wa mji wakakimbilia pwani wakiingia majini kuelekea vyombo vya walewale waliokuja kuwaadhibu. Wengine waliokotwa na kufanywa mateka, wengine walizama, na waliobaki nchi kavu waliuawa. Mir Ali Bey mwenyewe alichagua utumwa wa Mreno kuliko kuangukia mikononi mwa Wazimba, akapelekwa Goa na hatimaye Ureno, ambako inasemekana alibatizwa.

Dos Santos anasisitiza sana kwamba Wazimba walikula watu, na ndicho kipande ambacho wasimulizi wa baadaye wamekipenda kuliko vyote. Wanahistoria wa karne ya 20 wamewahusisha Wazimba na misukosuko ya watawala wa Kimaravi kaskazini ya Zambezi, na baadhi yao wametilia shaka iwapo kundi lililofika Mombasa lilikuwa lilelile lililotoka mbali hivyo, au ni jina moja walilobandikwa watu wengi waliojiunga njiani. Shaka hiyo ina uzito. Hata hivyo, hoja ya ulaji wa watu imeifunika hoja nyingine iliyo nzito zaidi, ambayo haihitaji ushahidi mwingine ila wa Wareno wenyewe: kwamba jeshi lililojiita la Kikristo liliufungua mlango wa nyuma wa mji huku likijua vyema ni nani aliyesimama nje.

Matokeo yake yalifuatana upesi. Wazimba walielekea Malindi, wakashindwa huko baada ya Wasegeju, takriban 3,000 kwa hesabu ya wasimulizi, kuja kuusaidia mji. Kisha Wasegeju hao wakaishinda Mombasa iliyokuwa imekwisha kudhoofika, ukoo wake wa kale wa watawala wa Kishirazi ukakoma, na Sultani wa Malindi, rafiki wa Wareno, akahamishiwa kisiwani. Fort Jesus ilijengwa juu ya mji uliokwisha kuvunjwa kutokea Makupa. Kwa maneno mengine, ngome inayojivuniwa mbele ya kisiwa haiwezi kuelezeka bila ya kivuko kilichoko nyuma yake, ingawa anayenunua tiketi langoni pake hadokezwi habari hiyo.

Wareno hawakusahau funzo hilo. Walijenga Makupa ngome ndogo tatu za kulinda kivuko, na zaidi ya mizinga walitegemea vitambaa, ambavyo waliwapa kila mara watu wa bara waliowaita Musungulo, yaani baadhi ya mababu wa Wamijikenda wa leo, ili amani idumu. Vitambaa hivyo vilinunua na mengine. Sultani Hassan bin Ahmad alipogombana na kapteni wa Fort Jesus na kukimbilia bara mwaka 1614, aliuawa na wenyeji wake kwa malipo ya Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, alirejea akiwa mfalme, na Agosti 1631 akamwua kapteni na kuiteka ngome. Kilichofuata kinajulikana zaidi: Waomani waliizingira Fort Jesus kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman, wakautawala mji hadi mwaka 1837, kisha Seyyid Said, sultani wa Oman.

Katika enzi hizo za mwisho uhusiano wa kisiwa na bara haukuendeshwa na mizinga ila na mkataba na ujamaa. Waswahili wa Mombasa walijipanga katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili yaliyogawanyika makundi mawili: Tisa Taifa, wakiwamo Wamvita na Wajomvu, na Thelatha Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Jina la hao wa mwisho linatosha kuonyesha kwamba ng'ambo ya Makupa haikuhesabiwa kuwa nje ya mji. Kila kundi lilikuwa na washirika wake miongoni mwa Wamijikenda, Wadigo na Waduruma wakiegemea zaidi Thelatha Taifa, na kwa njia hiyo nafaka, pembe na sandarusi zilishuka mjini na nguo zikapanda bara. Asiyeufahamu mpango huo hawezi kufahamu siasa ya Mombasa ya karne ya 19, wala mashairi ya Muyaka bin Haji yaliyozaliwa ndani ya ugomvi wake.

Reli ilikigeuza kivuko kuwa daraja. Baada ya reli ya kwanza kulazwa kisiwani tarehe 30 Mei 1896 chini ya mhandisi George Whitehouse, kikwazo cha kwanza kilikuwa Makupa, nacho kilivukwa kwa daraja la muda la mbao, lililofuatwa na daraja la chuma lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati huo. Vyakula na vifaa vya maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi vilipita hapo, na mwishoni mwa 1901 njia hiyo ikafika Ziwa Viktoria. Kisha, gati za maji ya kina zilipofunguliwa Kilindini mwaka 1926 na mizigo ikaongezeka, daraja lilionekana dogo, na tuta likajazwa. Mkondo ukafa. Maji ya Port Reitz na ya Tudor hayakukutana tena isipokuwa kwa kuzunguka kisiwa, na matope yakajikusanya pande zote mbili.

Kilichofuata ng'ambo kilikuwa viwanda, mojawapo kikiwa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichofanya kazi tangu 1963 hadi 2013, na pamoja na viwanda likaja jaa la Kibarani. Kwa miongo kadhaa taka za mji mzima zilimwagwa kando ya hori, juu ya ufuo uliofaa kuwa wa mikoko, hata ikawa msafiri anayetoka Nairobi huijua Mombasa kwa harufu na moshi kabla ya kuiona, huku makorongo yakigombea mabaki na watu wanaoishi kwa kuchambua taka. Ni vigumu kupata mfano wa mji mwingine wa kihistoria ulioutunza ukumbi wake kwa bidii hiyo na kuutupia uchafu mlango wake mkuu, kwani mlango mkuu wa Mombasa tangu 1896 ni Makupa, wala si Bandari ya Kale.

Serikali ya kaunti ililifunga jaa hilo mwaka 2018, taka zikahamishiwa Mwakirunge, na pahali pake pakasawazishwa na kupandwa miti na nyasi. Mabadiliko hayo yalisifiwa, na kwa haki. Lakini taka za zamani hazikwenda popote. Zilifunikwa kwa udongo zikiwa palepale ukingoni mwa maji, na sasa, tuta likiwa limefunguliwa, maji yanayopita kando yake yana njia mpya ya kuelekea Tudor, ambako wavuvi wadogo hutega nyavu na mikoko hutegemewa kuwa mazalio ya samaki na kaa. Vipimo vya maji hayo, vikichukuliwa pande zote mbili za daraja na kutangazwa hadharani kila mwaka, vingegharimu sehemu ndogo mno ya zile bilioni 4.5.