Miaka 60 ya kutafuta namna ya kufungua tairi

Msomaji wetu, leo naanza na manunuzi yangu. Mwezi huu nimenunua vitu vitatu vya gari: jeki ya haidroliki ya tani 2, wili spana ya msalaba, na kipande cha bomba la chuma. Hilo bomba ndilo lililomshangaza muuzaji pale Gerezani. "La nini tena, dada?" Nikamwambia ni dawa ya nati.

Mwezi uliopita mimi na mama tulikuwa tunawahi maziko ya mjomba, Muheza. Tumeshaipita Chalinze, tairi la nyuma likapata pancha. Spea lilikuwepo na upepo wake, jeki ilikuwepo, na ile spana fupi iliyokuja na gari nayo ilikuwepo. Nati ndizo zilizogoma. Nilisimama juu ya spana kwa miguu yote miwili, wapi! Zikapita karibu saa mbili, mpaka dereva wa lori aliposimama, akachomeka bomba kwenye mkia wa spana na kusukuma. Nati ikalia, ikaachia. "Mwanangu, siyo nguvu, ni urefu," akasema. Tulifika Muheza watu wanarudi kutoka makaburini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: hivi kubadili tairi barabarani kulianza lini? Nilidhani kulizaliwa pamoja na gari. Kumbe hapana.

Tairi lililosahaulika

Tairi la upepo ni la zamani kuliko gari lenyewe. Robert William Thomson, mhandisi wa Uskochi, alilipatia hataza mwaka 1845, enzi za magari ya farasi. Lilifanya kazi, lakini lilikuwa ghali na halikupata soko. Likasahaulika kiasi kwamba mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alichukua hataza ya tairi la upepo la baiskeli bila kujua kwamba kuna aliyemtangulia. Baadaye hataza hiyo ikabatilishwa kwa sababu hiyohiyo.

Tairi la Dunlop lilikuwa laini na la kasi, ila lilibandikwa kwenye rimu kwa gundi. Ukipata pancha, unabandua, unaziba, unabandika upya, halafu unasubiri gundi ikauke. Fikiria hiyo kazi uifanye porini usiku! Ndugu wawili wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, André na Édouard Michelin, waliliona tatizo hilo, na mwaka 1891 wakaleta tairi la baiskeli linalofunguka bila gundi. Mwaka huohuo Charles Terront alilitumia kushinda mashindano ya Paris–Brest–Paris, safari ya kilomita 1,200 hivi.

Dakika 15 dhidi ya dakika 4

Kwenye gari kazi ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu gurudumu lenyewe halikutoka. Ulilazimika kuling'oa tairi kutoka kwenye rimu hapohapo barabarani. Mwaka 1904, huko Llanelli, Wales, ndugu wawili wa ukoo wa Davies walianza kuuza rimu yenye tairi lililokwisha kujazwa upepo, ambayo uliibana tu juu ya gurudumu lenye pancha. Waliiita Stepney, jina la mtaa wa duka lao. Mpaka leo India tairi la spea huitwa "stepney", na Brazil huitwa "estepe".

Kisha ikaja Juni 1906, Grand Prix ya kwanza ya Ufaransa, karibu na Le Mans. Sheria zilitaka dereva na fundi wake tu ndio waliguse gari. Wengi walikata tairi kwa kisu na kulazimisha jipya liingie, kazi ya dakika 15 hivi. Ferenc Szisz wa Renault alikuwa na rimu za Michelin zilizofungwa kwa nati: unafungua nati, unatoa rimu na tairi lake, unaweka nyingine iliyokwisha kujazwa. Haikufika dakika 4. Baada ya siku mbili za joto na pancha nyingi, Szisz alishinda.

Unaona kilichotokea? Tangu 1845 tairi la upepo lilikuwa zuri. Kilichokosekana ni njia ya mtu wa kawaida kulifungua. Nati ilipokuja, ugumu wote ukahamia kwenye spana na jeki.

Siyo nguvu, ni urefu

Hapa ndipo fizikia ya yule dereva inapoingia. Nguvu ya kuzungusha nati ni msukumo wako mara urefu wa spana. Mtu wa kilo 60 akisimama juu ya spana ya sentimita 25 anapata kama nyutoni-mita 150. Bomba likiufikisha urefu sentimita 75, mtu yuleyule anapata 450.

Jeki ya haidroliki ina hesabu ya aina hiyohiyo. Inatumia kanuni ya Blaise Pascal, ambayo Joseph Bramah aliitumia kwenye mashine yake ya kukandamiza mwaka 1795, na Richard Dudgeon wa New York akaitilia hataza kama jeki ya kubebeka mwaka 1851. Pistoni kubwa yenye eneo mara 20 ya ile ndogo inanyanyua kwa nguvu mara 20. Bei yake? Unasukuma sentimita 20 ili gari lipande sentimita 1. Hakuna cha bure.

Kwa hiyo: kinga magurudumu kwa mawe, legeza nati kabla ya kupiga jeki, na bomba litumie kufungulia tu, maana ukikazia nalo unaweza kukata stadi. Zaidi ya yote, kabla ya safari yako ijayo jaribu kufungua nati moja ukiwa nyumbani, kwa spana iliyomo kwenye gari lako. Ikigoma hapo kivulini, barabarani nayo itagoma.