Kimini Hakikushindwa na Amri: Nguo za Dar es Salaam, 1968 hadi 1985

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara, ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, vimini, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana mwili vingekuwa marufuku, na vijana wa chama wangepita mitaani kuhakikisha amri inatiiwa. Tangu hapo, kila inapozungumzwa historia ya mavazi ya Dar es Salaam, mazungumzo huanzia na kuishia kwenye tangazo hilo. Wapo wanaozikumbuka zama hizo kama wakati ambapo taifa lilijua kulinda heshima yake, na wapo wanaozitaja kama ushahidi kwamba vijana hawatawaliki kwa vitisho. Pande hizi mbili zinakubaliana katika jambo moja, nalo ndilo ninalolipinga: kwamba amri ndiyo kiini cha habari. Ukizifuata nguo zenyewe kuanzia 1968 hadi 1985, zilivyofupishwa, zilivyopanuliwa, zilivyochakaa na zilivyoletwa upya, utaona kuwa kauli ya mwisho ilikuwa ya kitambaa: kipo dukani au hakipo, kinauzwa bei gani, na nani anakishona.

Hii haina maana kwamba amri haikumuumiza mtu. Iliumiza, tena kwa ukatili. Mwezi uleule wa tangazo, kabla hata tarehe ya utekelezaji haijafika, makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wanawake Kariakoo, kwenye vituo vya mabasi, yakawazomea, yakawapiga na kuwachania nguo, hadi polisi wakaingilia kati. Wanaume nao walikuwa wametajwa kwenye tangazo kwa ajili ya suruali zao, lakini ghadhabu iliwaangukia wanawake. Sababu haiko mbali. Msichana aliyevaa kimini mjini wakati huo mara nyingi alikuwa karani, mpiga chapa au mfanyakazi wa dukani, mwenye mshahara wake na asiyemwomba mtu nauli. Kwa kijana aliyetoka mkoani kutafuta kazi akaikosa, kimini kilikuwa alama ya mji uliomkataa, na chama kilikuwa kimempa ruhusa ya kuirarua alama hiyo. Dhuluma ile haina utetezi. Hata hivyo, kumpiga mtu kwa sababu ya nguo yake ni jambo moja, na kubadilisha namna mji mzima unavyovaa ni jambo jingine kabisa.

Wasomaji wa magazeti waliliona tatizo mapema. Barua zilimiminika magazetini, na baadhi ziliuliza swali ambalo waandaaji wa operesheni hawakulijibu vizuri: vazi la taifa ni lipi? Kanga, iliyosifiwa kuwa mfano wa stara, kwa miongo mingi ilikuwa imechapwa Uingereza, India na Japani kwa oda za wafanyabiashara wa pwani. Suti isiyo na tai waliyoipenda viongozi, ile iliyoitwa Chuenlai, ilifuata mfano wa viongozi wa China, na Chou En-lai mwenyewe alizuru Dar es Salaam mwaka 1965. Tena katika miaka ileile Serikali ilikuwa ikiwalazimisha Wamasai wa Mkoa wa Arusha waache lubega na ngozi wavae suruali na mashati. Kwa hiyo kijana wa Kariakoo alikatazwa suruali ya kisasa wakati kijana wa Monduli analazimishwa kuivaa. Sisemi hivi ili kuonyesha kwamba utamaduni ni neno tupu. Nasema kwamba mpaka kati ya vazi letu na vazi lao haukuwa umechorwa na asili ya nguo, na amri iliyosimama juu ya mpaka huo isingeweza kudumu.

Kilichofuata kinathibitisha. Miaka ya 1970 haikuleta mji wa watu waliofunikwa kwa adabu ya operesheni. Ilileta pekosi, suruali iliyobana mapajani na kufunguka chini hadi ikafunika kiatu, na kiatu chenyewe kilikuwa raizoni, chenye soli nene ya kumwinua mvaaji. Ilileta mashati ya kola ndefu na magauni ya vitambaa vya kung'aa. Katazo la muziki wa soul, lililotolewa Dar es Salaam mwezi Novemba 1969 na Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, halikuwazuia vijana kuijua mitindo ya wanamuziki wa soul. Senema zilikuwepo: Empire, Avalon, Empress, Odeon na nyinginezo, na filamu ya Kihindi Bobby ya mwaka 1973 iliwafundisha vijana wa pwani mavazi zaidi kuliko mkutano wowote wa hadhara. Mwaka 1974 Wamarekani weusi walifika kwa wingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, na miezi michache baadaye James Brown alitumbuiza Kinshasa, hivyo mitindo yao haikuwa mbali tena.

Lakini filamu humwonyesha mtu nguo, haimvishi. Wa kumvisha alikuwa fundi cherehani aliyekaa barazani kwa Mhindi, mguu kwenye kanyagio, futi ya kupimia shingoni. Hapa ndipo historia zetu zinapopita haraka mno. Pekosi haikununuliwa ikiwa tayari, isipokuwa na wachache. Kijana alinunua mita zake za tetroni au krimplini, akamweleza fundi alichokiona senemani, wakabishana juu ya upana wa chini, na wiki iliyofuata akavaa. Asiye na fedha ya kitambaa kipya alipeleka suruali yake ya zamani ipasuliwe pembeni na kuongezwa kipande. Mfumo huu ulihitaji vitu viwili: mafundi wengi na kitambaa kinachopatikana. Mafundi walikuwepo tangu enzi za Singer za kwanza. Kitambaa nacho kilikuwepo, na hapa sifa inairudia Serikali ileile iliyokuwa ikikemea mitindo. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, na Mwatex ya Mwanza ilikuwa ikiinuka kipindi hichohicho. Mwaka uleule chama kilipotangaza vita dhidi ya mavazi ya kigeni, nchi ilianza kuchapa kanga na vitenge vyake kwa wingi. Kama kuna kitu kilichoifanya kanga iwe vazi la taifa kweli, ni mashine za Ubungo, si vijana wa chama mitaani.

Majirani walifuata njia ya amri, tena kwa sheria kamili. Idi Amin alipiga marufuku kimini Uganda mwaka 1972. Malawi ilitunga sheria ya mavazi ya heshima mwaka 1973, ikadumu hadi 1993. Zaire ya Mobutu iliwavua wanaume suti na tai, ikawavalisha abakosti, koti lisilovaliwa tai. Nchi hizo zilikuwa na dola kali kuliko Tanzania, na mwishowe zote ziliachana na amri zao.

Nywele zinatupa kipimo kizuri zaidi, kwa sababu hazihitaji kitambaa. Mwaka 1969 wigi lilikuwa kwenye orodha ya marufuku. Afro ilipokuja, ilikuwa ngumu kuikataza hata kwa hoja, maana ni nywele za mtu mwenyewe zilizoachwa zikue. Tena haikumdai mvaaji fedha za kigeni: kichanuo cha mti, ambacho wachongaji wa pwani wamekitengeneza kwa vizazi vingi, kilitosha. Wigi lilitoka kiwandani ng'ambo, na forodha ilipobana likaadimika. Afro ikaendelea muongo mzima, na kando yake mitindo ya kusuka, mabutu na twende kilioni, ambayo haikuhitaji kibali cha mtu kwa kuwa ilihitaji mikono na muda tu. Kalikiti, yaani nywele zilizolainishwa kwa dawa na kung'arishwa kwa mafuta, ilienea baadaye, milango ya biashara ilipofunguliwa na chupa za dawa hiyo zikaonekana madukani. Kilichohitaji bidhaa ya nje kilikuja na kuondoka pamoja na bidhaa hiyo. Kilichopatikana nyumbani kilibaki.

Kisha ukaja uhaba, na ndio ushahidi ninaouona mzito kuliko wote. Bei za mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 viliimaliza akiba ya fedha za kigeni. Viwanda vya nguo vilikosa vipuri, rangi na umeme wa uhakika. Kanga ikawa bidhaa ya foleni na kibali, ikigawiwa kupitia maduka ya RTC, yaani kampuni za biashara za mikoa, na ya ushirika, na aliyeikosa huko aliitafuta kwa ulanguzi. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtu angeweza kutiwa mbaroni kwa kuficha majora ya vitambaa. Miaka hiyo viraka havikuwa aibu ya maskini peke yake. Pekosi ikatoweka, tena si kwa kupigwa vita. Suruali yenye kumeza kitambaa kiasi kile haina nafasi pale mita moja inapopatikana kwa kujuana.

Hapa msomaji makini atanibana: kama kitambaa ndicho kilichoamua, mbona uhaba haukurudisha kimini, vazi linalotumia kitambaa kidogo kuliko yote? Jibu ni kwamba kimini ni nguo ya mtu mwenye nguo nyingine. Mwenye gauni moja hulivaa sokoni, msibani, kanisani, shambani na kwa wakwe. Vazi linalofaa kote huko ni refu na pana, na lililo bora kuliko yote ni kanga, ambayo inavaliwa, inabeba mtoto, inamsitiri mzazi na kumfunika mgonjwa. Stara iliyoonekana mitaani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo wengine wanaisifu kama tunda la maadili, kwa sehemu kubwa ilikuwa sura ya kabati tupu. Ni kosa kubwa kuita umaskini wa watu adabu yao.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Uhaba nao ulitokana na maamuzi ya Serikali: nani aagize, nani auze, fedha za kigeni ziende wapi. Je, si dola ileile iliyoamua mavazi? Ndiyo, kwa kiasi kikubwa, na hilo linaimarisha hoja yangu. Dola ilikuwa na nguvu juu ya mavazi pale iliposhika kiwanda, bohari na leseni. Iliposhika kiboko cha maadili ilipata majeruhi tu. Mwaka 1984 bajeti iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa zimetoka wapi, na mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, akaingia Ikulu. Marobota ya mitumba yakajaa katika masoko ya Manzese na Karume. Jinzi, fulana zenye maandishi na magauni yaliyovaliwa kwanza Ulaya na Marekani yakawa vazi la kila mtu. Fundi cherehani, aliyekuwa mbunifu, akageuka mpunguzaji wa nguo zilizoshonwa kwingine, na viwanda vya nguo vikaanza kufa kimoja baada ya kingine. Hakuna tamko la maadili lililowahi kugeuza mavazi ya nchi kwa kasi hiyo.

Sidai kuwa mitumba ilikuwa laana. Iliwavika watu waliokuwa wakitembea na matambara, na kuilaumu bila kukumbuka kabati zile tupu si haki. Nasema kuwa jambo linaloamua mavazi yetu bado ni lilelile. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu za ushuru za AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo. Viongozi wanaotaka Watanzania wavae kitanzania waanzie Shinyanga na Simiyu, ambako pamba inalimwa, na ambako sehemu kubwa ya pamba nyuzi husafirishwa nje kabla haijawa hata uzi.