Jiwe Lililosafisha Maji: Historia ya Uchujaji wa Asili katika Matangi ya Matumbawe

Sumu ya kwanza katika tangi la samaki ni amonia. Samaki huitoa kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula huizalisha yanapooza. Baharini hupotea katika maji mengi kupita kiasi, lakini katika tangi la kioo la lita 200 hurundikana, na baada ya siku chache huua. Uchujaji wa asili ni kuwaachia viumbe hai, yaani bakteria, mwani na minyoo, kazi ya kuiondoa. Wafugaji wa matumbawe wa leo wamerithi njia kadhaa za aina hiyo, na baadhi yake zilianza kufanya kazi kabla mtu yeyote hajaelewa kwa nini.

Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alichukua matumbawe madogo ya bahari ya baridi huko Torquay, pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza, akayapeleka London. Bahari ilikuwa mbali na maji ya chumvi hayakupatikana kwa urahisi, kwa hiyo yale machache aliyokuwa nayo ilibidi yatumike tena na tena. Kila siku mtumishi wake wa kike alisimama mbele ya dirisha lililo wazi, akiyamimina kutoka chombo hiki kwenda kile, kwa nusu saa au zaidi, ili yapate hewa. Mwaka uliofuata Thynne aliongeza mwani, na wanyama wake wakaishi karibu miaka mitatu. Historia ya matangi huwasifu sana mabwana wa kisayansi waliomfuata, lakini pampu ya kwanza ya matumbawe London ilikuwa mikono ya mtumishi ambaye jina lake halitajwi.

Mwanakemia Robert Warington aliipa kazi hiyo nadharia. Mwaka 1850 alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu pamoja na majani ya majini katika chombo kimoja: mmea hutoa oksijeni, samaki huivuta. Majani yalipozeeka yalioza na kuyachafua maji, basi akatia konokono wa kula uozo huo, na mambo yakatulia. Philip Henry Gosse, aliyelieneza neno akwariamu kwa kitabu chake cha mwaka 1854, aliibeba fikra hiyo ya mizani hadi kwenye maji ya bahari, na tangi la samaki likawa pambo la sebule za Uingereza. Matangi mengi ya wakati huo yaliharibika upesi. Mizani ya Warington iliwahesabu mnyama na mmea, na kuwaacha nje wafanyakazi wasioonekana kwa macho.

Wafanyakazi hao waligunduliwa kupitia maji taka. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Théophile Schloesing na Achille Müntz, walipitisha maji taka polepole katika bomba lililojaa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 hivi hakuna kilichobadilika; kisha amonia ikaanza kugeuka nitrati. Walipotia mvuke wa klorofomu kazi ilisimama, na walipomwagia maji ya udongo wa bustani ikarudi. Kitu kinachoweza kulazwa kwa dawa na kupandwa upya kwa udongo ni kitu hai. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Sergei Winogradsky, aliyekuwa akifanya kazi Zurich, aliwatenga bakteria wenyewe na kuonyesha kuwa kazi ina zamu mbili: kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi.

Elimu hiyo ilichukua zaidi ya nusu karne kufika sebuleni. Katika miaka ya 1950 na 1960 chujio la chini ya changarawe lilienea Marekani: bamba lenye matundu sakafuni mwa tangi, changarawe juu yake, na hewa inayovuta maji kupita katikati. Samaki waliishi. Matumbawe, kwa sehemu kubwa, yalikufa.

Hali ikiwa hiyo, mwaka 1961 jarida moja la Marekani la wafuga samaki lilichapisha makala ya Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, Indonesia, kuhusu mfumo alioupa jina la maumbile yenyewe. Tangi lake halikuwa na chujio lolote. Lilikuwa na maji ya bahari, mwanga wa jua, mapovu ya hewa ya kuyatikisa maji, na mawe yaliyochukuliwa kwenye mwamba wa matumbawe yakiwa bado na viumbe vyake. Humo matumbawe hayakuponea chupuchupu tu, yalistawi. Walio mbali na bahari ya joto hawakuweza kumwiga kirahisi. Jiwe likikaa siku nyingi bila maji, kilichomo hufa na kuoza, nalo hugeuka kuwa chanzo cha amonia badala ya dawa yake. Taa za nyumbani za wakati huo pia hazikukaribia jua la Jakarta.

Jiwe hai, kama lilivyokuja kuitwa, ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, imetobokatoboka kama sponji. Ukilivunja, uso wake una rangi za zambarau na kijani, na ndani ni jeupe lenye vishimo visivyohesabika. Juu, penye oksijeni tele, bakteria wa Winogradsky hula amonia na nitriti. Ndani zaidi oksijeni huisha, na huko huishi bakteria wengine ambao huchukua oksijeni iliyomo ndani ya nitrati yenyewe na kuacha gesi ya nitrojeni, inayotoka majini na kwenda zake hewani. Chujio la changarawe liliishia kwenye nitrati. Jiwe lilimaliza safari yote, ndiyo maana Lee hakuhitaji kitu kingine.

Wajerumani ndio waliolifanya jiwe lifae nchi ya baridi. Wafugaji wa Berlin, Dietrich Stüber akiwa mashuhuri miongoni mwao, waliweka mawe hai mengi, taa kali, mkondo wa maji wenye nguvu, na mashine moja: bomba la kupiga povu. Mapovu madogo hunasa mafuta na protini, yakapanda na kumwagika katika kikombe kama maji ya kahawia yenye harufu ya kukimbiza wageni. Uchafu huo huondoka kabla haujawa amonia. Peter Wilkens, aliyetoa kitabu chake kwa Kijerumani mwaka 1973, aliongeza maji ya chokaa, yatiwayo tone kwa tone, ili matumbawe yapate kalsiamu ya kujengea mifupa. Mswahili wa pwani ataona kichekesho hapo: kwa karne nyingi matumbawe yamechomwa kwenye tanuri ili kupata chokaa, na Ulaya chokaa ilikuwa inarudishwa kwa matumbawe.

Kwa muda Marekani ilifuata njia nyingine. Mwaka 1986 George Smit, kutoka Uholanzi, aliandika mfululizo wa makala kuhusu tangi lenye sanduku la pembeni ambamo maji hunyunyiziwa juu ya vifaa vyenye nafasi tele ya kukaa bakteria. Matangi hayo yalipendeza mno, na wauzaji wakafurahia vigololi vya plastiki vya kujaza masanduku. Vigololi vilikuwa hodari wa kutengeneza nitrati, ila hakuna aliyekuwa humo wa kuila. Baadaye wengi waliviondoa kidogokidogo, na maji yakabaki salama, kwa kuwa mawe yaliyokuwa ndani ya tangi yalitosha. Kitabu cha Charles Delbeek na Julian Sprung cha mwaka 1994 kiliifanya njia ya Berlin kuwa kawaida kwa wasomaji wa Kiingereza.

Wengine waliacha jiwe na kujaribu mwani au mchanga. Walter Adey wa Smithsonian, Washington, alipitisha maji juu ya wavu mpana uliomulikwa kwa taa ili mwani mfupi uote. Mwani hufyonza amonia na nitrati, kisha hukwanguliwa na kutupwa pamoja na uchafu ulioubeba. Lawama iliyomwandama ni kwamba maji hugeuka manjano. Jean Jaubert, kule Nice na Monaco, aliweka tabaka nene la mchanga juu ya nafasi tupu ya maji yaliyotulia, penye oksijeni haba, na nitrati ikaishia humo. Mwaka 1989 Makumbusho ya Bahari ya Monaco yalifungua kwa njia hiyo tangi la lita 40,000 lenye matumbawe kutoka Djibouti. Miaka ya 1990 ilipokaribia kwisha, mwanabiolojia Ron Shimek alitetea mchanga wa kina kirefu usio na nafasi chini, unaochimbuliwa na minyoo wadogo.

Hata majina ya bakteria yalibadilika. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kuwa katika matangi ya maji yasiyo na chumvi nitriti huliwa na Nitrospira, wala si Nitrobacter aliyetajwa vitabuni kwa miongo mingi.

Biashara ya mawe nayo ilikutana na sheria. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na Marekani ilipiga marufuku kuvuna mawe hai ya asili katika maji ya shirikisho pwani ya Florida kufikia 1997. Wafanyabiashara wa huko walianza kushusha mawe makavu ya chokaa kwenye sakafu ya bahari na kuyarudia baada ya muda, yakiwa yameshapata wakazi. Leo matangi mengi huanza na jiwe kavu kabisa, lililochimbwa katika miamba ya kale iliyo nchi kavu, la jinsi moja na mawe ya nyumba za Lamu na Mji Mkongwe. Jiwe hilo hutiwa amonia kidogo na bakteria wa chupa, kisha mfugaji hupima maji kila siku kwa wiki kadhaa, bila samaki hata mmoja, mpaka amonia na nitriti zisomeke sifuri.