Mbao Ngumu, Mbao Laini

Fundi wa Moshi akiletewa kipande cha ubao asichokijua, hukipima uzito mkononi, hukibonyeza kwa ukucha, kisha hutoa hukumu: ngumu, au laini. Sokoni hiyo inatosha. Mnunuzi anataka kujua kama msumari utapinda na kama mchwa watapata karamu. Wanamisitu nao wana maneno hayohayo, ila kwao hayapimi ugumu hata kidogo.

Katika elimu ya misitu, mbao ngumu ni za miti inayotoa maua: mninga, mvule, mpingo, mgrivea. Mbao laini ni za jamii ya misonobari, ambayo mbegu zake hazifungwi ndani ya tunda. Hivyo mtarakwa, ambao wengine huuita mwerezi, mti wa upande mkavu wa kaskazini wa Kilimanjaro unaosifika kwa nguzo zisizooza upesi, umo kwenye mbao laini. Mringaringa wa vihambani, ambao mara nyingi ni mwepesi kuliko mtarakwa, umo kwenye mbao ngumu! Watafsiri hawana lawama kubwa. Walifuata Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kilishapotoka.

Tofauti halisi iko kwenye kichwa cha ubao. Kikate kwa patasi kali au wembe (msasa haufai, vumbi lake huziba kila kitu), kilowanishe kidogo, kisha kitazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Miti ya maua karibu yote hupandisha maji kwa mirija, na mirija ikikatwa huonekana kama vitundu. Msaipresi, podo na mtarakwa haina mirija hiyo. Maji yake hupita katika seli nyembamba mno, na kichwa huonekana kimelala kama karatasi. Msonobari una ujanja wake: njia za utomvu huonyesha vidoa vichache vilivyotawanyika, na asiyezoea hudhani ni vitundu.

Kwa kazi ya utambuzi, basi, ningependa tuseme mbao zenye vitundu na mbao zisizo na vitundu. Ngumu na laini tuwaachie mafundi, ambao huyatumia maneno hayo kwa maana yake.

Vikionekana vitundu, endelea kutazama. Mgrivea, uliopandwa sana kuipa kahawa kivuli, una miale mipana itokayo katikati kuelekea gome, hata macho matupu huiona; ubao ukipasuliwa kufuata miale hiyo, uso wake hujaa madoa yanayong'aa. Mkulo hujitaja kwa pua: ukiukwangua hunukia karafuu maiti. Ni mti wa msitu wa mvua wa miteremko ya kusini, na msitu huo uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005. Harufu hiyo ikitoka kwenye kabati la babu, sawa. Ikitoka kwenye ubao mbichi, muulize muuzaji umetoka wapi.

Lenzi mara nyingi hufikisha kwenye jenasi tu. Kutaja spishi kunahitaji vipande vyembamba chini ya hadubini na orodha ya sifa 163 za mbao zenye vitundu, iliyotolewa na chama cha kimataifa cha wanaanatomia wa mbao, IAWA, mwaka 1989. TAFORI, taasisi ya utafiti wa misitu, ina kituo cha matumizi ya mbao hapo Moshi. Sampuli iwe na kiini pamoja na sehemu nyeupe ya nje, na isiwe imepakwa vanishi.