Anwani za Redio za Ridhaa: Kuuza, Kukodisha au Kutunza

Mwaka 1981, intaneti ikiwa bado changa, mafundi wa redio za ridhaa walitengewa bure anwani za intaneti zipatazo milioni 16.7. Wakati huo hakuna aliyeziita mali. Lakini mfumo huo wa anwani, yaani toleo la nne la itifaki ya intaneti, una nafasi bilioni 4.3 tu, na Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa. Kilichotolewa kama kibali kikageuka hazina. Mwaka 2019 ARDC, asasi ya Marekani inayosimamia anwani hizo, iliiuzia Amazon robo yake, kama milioni 4, kwa zaidi ya dola milioni 100.

Waliopinga walikuwa na hoja nzito: cha wote hakiuzwi na wachache bila wenyewe kuulizwa. Hoja hiyo naikubali, kwani wadau walistahili kushauriwa. Hata hivyo, uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini toleo la sita, mfumo mpya wenye nafasi nyingi zaidi, linavyoenea, thamani ya la nne haina hakika ya kudumu. Kukodisha kungeleta kodi kila mwaka, ila mpangaji akisambaza barua taka, anwani huingizwa kwenye orodha za kuzuiwa, na hasara humrudia mwenye mali. Fedha za mauzo ziliwekezwa, zikawa chemchemi ya ruzuku za elimu na utafiti wa redio, huku robo tatu za anwani zikibaki mikononi mwa ARDC. Mkulima mwema huuza ziada, mbegu akazihifadhi.