Shahidi wa Ndege ya Cambrai

Katika watu wapatao 125,000 waliotumika katika ndege za mabomu za Uingereza na Dola yake wakati wa Vita Kuu ya Pili, walikufa 55,573, na wengi wao habari ya saa yao ya mwisho haikupata msimulizi. Kwani ndege iliyoungua angani usiku aghalabu ilikwenda na wote saba waliokuwamo, aliyetenda la ushujaa na aliyeliona pia. Andrew Mynarski alipata shahidi, na shahidi mwenyewe, kwa hesabu yoyote ya akili, alikuwa mtu wa kufa kabla yake.

Mynarski alizaliwa Winnipeg, nchini Kanada, mwaka 1916, mwana wa wahamiaji kutoka Poland. Babaye alipofariki, naye kijana wa miaka kumi na sita, ilimlazimu kusaidia riziki ya nyumbani, akawa mkata ngozi kwa mfanya biashara ya manyoya. Mwaka 1941 aliingia jeshi la anga, akafundishwa kupiga bunduki za rashasha, na hatimaye akawekwa katika skwadroni ya 419 huko Middleton St George, kaskazini ya Uingereza. Huko alifanya usuhuba na Pat Brophy, mpigaji wa kibanda cha mkiani, ilhali kibanda chake yeye kilikuwa juu ya mgongo wa ndege. Brophy alikuwa afisa na mwenziwe alikuwa chini yake kwa cheo. Basi kila walipoagana usiku kwenda kulala, Mynarski humpigia saluti kwa mzaha, akamtakia usiku mwema kwa adabu zote za mdogo kwa mkubwa.

Usiku wa 12 Juni 1944, majeshi yakiwa yameshuka Normandy siku sita tu zilizopita, ndege yao ya aina ya Lancaster iliagizwa kuipiga njia ya reli ya Cambrai, Ufaransa, ili Wajerumani wasipate kupeleka msaada pwani. Saa sita ya usiku imekwisha pita, ndege ya adui iliwashambulia. Injini mbili za kushoto zikafa, moto ukazuka nyuma, rubani akaamrisha watu waruke. Ikumbukwe kwamba kibanda cha mkiani huzungushwa kwa msukumo wa mafuta unaotoka kwenye injini. Msukumo ulipokatika, kibanda kilikwama kimeupa ubavu mlango wake, na mkono wa kukizungusha ukamvunjikia Brophy kiganjani. Mynarski, aliyekwisha fika mlangoni kuruka, alimwona. Akageuka, akatambaa motoni, akakipiga kibanda kwa shoka, kisha akakivuta kwa mikono mitupu, nguo na mwavuli wake vikiwaka. Brophy akampungia aende zake. Alirudi kinyumenyume, asimwondolee macho, na alipofika mlangoni akasimama wima, akapiga saluti na kutamka neno ambalo kwa kishindo halikusikika, lakini Brophy alilijua ni lile la kila usiku. Ndipo akaruka. Wafaransa waliomwona akishuka kama mwenge walimwokota, lakini majeraha ya moto yalimwua. Akazikwa Méharicourt, umri wake miaka 27.

Ndege ikaanguka na Brophy ndani yake. Kwa qadari ya Mungu kibanda kilivunjika kwa kishindo cha kuanguka, kikamtupa nje akiwa hai, naye alifichwa na Wafaransa mpaka akarejea Uingereza, ndipo alipopata habari ya kifo cha rafiki yake. Wenzao wote walikuwa wamesalimika. Nishani ya Victoria Cross ilitangazwa 11 Oktoba 1946, kwa tendo ambalo halikumwokoa mtu, na mwenye kuhesabu kwa ukali ataweza kusema kwamba Mynarski angaliruka mara moja wote wawili wangalikuwa hai. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haikuwa mbele ya mtu yeyote usiku ule.

Mjini Hamilton, Kanada, iko Lancaster iliyopakwa herufi za ndege yake, VR-A. Si ile yenyewe, bali dada yake aliyeundwa mwaka 1945 asipate kwenda vitani. Ni moja katika mbili tu duniani zinazoruka bado, na anayetaka kupanda huchukuliwa kwa nauli, tena si nauli ndogo.