Namba Iliyotoka Brussels: Historia ya Uwiano wa Uzito na Urefu

Hesabu ambayo muuguzi huifanya baada ya kukupandisha kwenye mizani haikuanzishwa na daktari. Ilianzishwa na Adolphe Quetelet, mwanahisabati na mwanafalaki aliyezaliwa Ghent, katika Ubelgiji ya leo, tarehe 22 Februari 1796. Alizoea kutazama nyota. Siku moja akaamua kuwatazama binadamu kwa jicho lile lile, na kutokana na uamuzi huo tukapata kipimo ambacho wengi wetu tunakijua kwa herufi tatu: BMI.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unachukua uzito wa mtu kwa kilo, unaugawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.65 atazidisha 1.65 mara 1.65, apate 2.72. Kisha 70 gawanya kwa 2.72 ni 25.7. Kwenye bango la ukutani mama huyo amevuka mstari wa 25, na ataambiwa kwamba uzito wake umezidi.

Mstari huo aliuchora nani? Kwa nini uwe 25, usiwe 27? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Namba hii nayo iliundwa, na waundaji wake walikuwa wengi, kila mmoja akiwa na shida yake ya kutatua. Asiyewajua waundaji hao ataiogopa kupita kiasi, au ataidharau kupita kiasi.

Mwanafalaki na mtu wa wastani

Mwaka 1823 Quetelet alikwenda Paris kujifunza kazi ya kituo cha kutazamia nyota, kwa kuwa alitaka kianzishwe kimoja Brussels. Huko alikutana na somo lililobadili maisha yake. Wanafalaki walikuwa wamegundua kwamba watu kumi wakiipima nyota moja hupata majibu kumi yanayotofautiana kidogo, lakini majibu hayo hayatawanyiki ovyo. Mengi hukusanyika katikati, na machache huangukia pembeni. Ile katikati ndiyo iliyoaminiwa kuwa karibu zaidi na ukweli.

Quetelet akajiuliza: je, binadamu nao hawako hivyo? Akaanza kukusanya takwimu za vizazi, vifo, ndoa, uhalifu, urefu na uzito. Baadaye alichambua vipimo vya vifua vya askari 5,738 wa Uskoti, akaona vimejipanga kama vipimo vya nyota: wengi katikati, wachache pembeni. Kabla ya hapo, mwaka 1835, alikuwa amechapisha kitabu kikubwa kuhusu mwanadamu na ukuaji wa uwezo wake, na ndani yake akamweleza "mtu wa wastani", yule anayesimama katikati ya umma wote.

Katika kazi hiyo alilishughulikia suala la uzito. Tukichukua sanduku na kulikuza mara mbili kwa urefu, upana na kina, ujazo wake huongezeka mara nane. Kama binadamu wangekuwa hivyo, uzito wao ungefuata urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara mbili. Quetelet aliona sivyo. Mtu mzima mrefu hanenepi kwa kiasi kile kile anachorefuka, na kwa watu wazima uzito hukaribia kufuata urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara moja tu. Hapo ndipo ilipotoka ile 1.65 mara 1.65 ya mama wetu.

Tulikumbuke jambo moja. Quetelet hakuwa akitafuta ugonjwa. Hakuchora mstari wowote kati ya mzima na mgonjwa. Alitaka kuueleza umma, si kumpima mtu mmoja mmoja. Alifariki Brussels mwaka 1874, na kanuni yake ya uzito ikabaki vitabuni kwa miaka mingi bila kuwa na kazi hospitalini.

Bima ya maisha na uzito "unaotakiwa"

Walioufunga uzito na kifo katika fundo moja walikuwa wafanyabiashara. Kampuni za bima ya maisha za Marekani zilihitaji kujua ni mteja yupi atakayekufa mapema, kwa kuwa kila kifo cha mapema kilikuwa hasara. Zilikuwa na hazina ambayo daktari wa kawaida hakuwa nayo: kumbukumbu za wateja wengi mno, zikiwa na urefu wao, uzito wao na tarehe zao za kufa. Zilipozipekua ziliona kwamba waliokuwa wanene sana walikufa mapema kuliko wenzao.

Mwaka 1942 na 1943 kampuni ya Metropolitan Life, ambayo takwimu zake zilisimamiwa na Louis Dublin, ilitoa majedwali ya uzito wa wanawake na wanaume. Mwaka 1959 ikatoa mengine, ikitaja uzito "unaotakiwa" kwa kila urefu. Madaktari wakayachukua, na kwa miongo kadhaa yakawa ndiyo kipimo cha uzito wa afya.

Majedwali hayo yalikuwa na kasoro kubwa. Yalitokana na watu walioweza kununua bima, na hao hawakuwa sura ya Wamarekani wote, seuze binadamu wote. Tena yaliwagawa watu katika maumbo matatu, dogo, la kati na kubwa, bila kueleza vizuri umbo hilo linapimwa vipi. Mtu aliyetaka kujifariji aliweza kujiweka tu kwenye umbo kubwa.

Ancel Keys, mpimaji wa njaa

Aliyeirudisha kanuni ya Quetelet alikuwa Ancel Keys, mtaalamu wa fiziolojia wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Keys aliijua njaa kabla hajajishughulisha na unene. Kati ya 1944 na 1945, vita vya pili vya dunia vikielekea ukingoni, vijana 36 waliokataa kwa imani zao kubeba silaha walijitolea kupunguziwa chakula kwa miezi sita chini ya usimamizi wake, ili ijulikane namna ya kuwarejeshea afya watu walioathiriwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Mwaka 1972 Keys na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha kanuni mbalimbali za kuhusisha uzito na urefu. Walitumia vipimo vya wanaume zaidi ya 7,400 kutoka nchi tano: Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini. Waliangalia ni kanuni ipi inayokaribia zaidi kiasi halisi cha mafuta mwilini bila kuwaonea warefu wala wafupi. Ile ya Quetelet ikaonekana inafaa kuliko nyingine walizozipima, tena ilikuwa rahisi. Keys ndiye aliyeipa jina la kitaalamu linaloleta zile herufi tatu.

Hata hivyo, hakukuwa na mwanamke katika kundi lile. Keys naye hakudai kuwa amepata kipimo kikamilifu. Alichokuwa akitafuta ni kitu bora kuliko majedwali ya bima, na hicho alikipata.

Mistari yachorwa

Kanuni ikiwa tayari, ilibaki kazi ya kuchora mistari, na hapa mikono ikawa mingi. Mwaka 1981 daktari wa Uingereza John Garrow alipendekeza ngazi za 25, 30 na 40. Mwaka 1988 wataalamu W. P. T. James, Anna Ferro-Luzzi na John Waterlow, wakishughulikia njaa ya kudumu kwa watu wazima, walipendekeza mstari wa 18.5 kwa upande wa chini. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaunganisha mapendekezo ya aina hiyo katika mpangilio mmoja: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni uzito unaofaa. 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi. 30 na kuendelea ni kiribatumbo.

Marekani ilichelewa kuufuata. Mwaka 1985 taasisi zake za taifa za afya zilikuwa zimeweka mpaka kwenye 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Mwaka 1998 zikaushusha hadi 25. Mamilioni ya Wamarekani wakahesabiwa kuwa na uzito uliozidi bila kuongezeka hata gramu moja. Miili ilikuwa ile ile. Kilichosogea ni mstari.

Mistari iliendelea kusogea. Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliona kwamba watu wengi wa asili ya Asia hupata kisukari na magonjwa ya moyo wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, wakapendekeza kwao hatua zichukuliwe tangu 23 na 27.5. Hilo linawahusu Watanzania na Wakenya wenye asili ya India. Mwaka 2022 mwongozo wa Uingereza uliwaweka watu wenye asili ya Afrika pia kwenye mistari hiyo ya chini. Kwa hiyo Mswahili mwenye 24 akipimwa London huenda akashauriwa tofauti na anavyoshauriwa Dar es Salaam.

Kwetu, ambako kukonda kuliogopwa

Namba hii ilipofika kwetu ilikuta tayari tuna lugha yetu ya mwili. Mtu akinenepa tunamwambia amenawiri. Kitambi kimehesabiwa kwa muda mrefu kuwa dalili ya riziki. Aliyepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa.

Swali hilo lilipata uchungu mpya mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini Tanzania walipogunduliwa mkoani Kagera. Ng'ambo ya mpaka, Rakai nchini Uganda, ugonjwa huo ulipewa jina lililotokana na kukonda kwa mwili. Kizazi kizima kilijifunza kuuona wembamba kama tangazo la kifo. Tusishangae basi kwamba mtu aliyewazika ndugu zake miaka ile anasita kuambiwa apunguze uzito.

Leo kipimo hiki kinatumika kwetu kwa pande zote mbili. Katika kliniki za kifua kikuu na za virusi vya ukimwi husaidia kumtambua mgonjwa mwenye utapiamlo anayehitaji chakula cha nyongeza. Katika tafiti za taifa huonyesha upande wa pili: Tanzania mwaka 2015–16, asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, Kenya mwaka 2014 walikuwa asilimia 33. Mijini idadi ilikuwa kubwa kuliko vijijini. Hapo namba inafanya kazi iliyozaliwa nayo, ya kuueleza umma, na inachotuambia kuhusu mafuta ya kupikia, soda na siku nzima za kukaa kitini ni cha kweli na kizito.

Isichokiona

Kwa mtu mmoja mmoja namba hii ina upofu. Haitofautishi msuli na mafuta, kwa hiyo mbeba mizigo mwenye misuli anaweza kuandikwa kuwa mnene. Haifai kwa mama mjamzito, na watoto wana vipimo vyao. Tena haioni mafuta yamekaa wapi. Mwaka 1947 daktari Jean Vague wa Marseille alieleza kwamba unene wa tumboni huandamana na kisukari na magonjwa ya mishipa kuliko unene wa nyonga na mapaja. Watu wawili wenye 27 wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa. Mwaka 2023 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitangaza kwamba kipimo hiki kisitumike peke yake.

Hukumu yangu ni kwamba kipimo hiki kibaki. Ni rahisi, hakihitaji mashine ya gharama, na zahanati ya kijijini inaweza kukitumia sawa na hospitali ya rufaa. Lakini kibaki mahali pake: kibishe hodi, uchunguzi ufungue mlango. Kumwambia mtu ni mgonjwa kwa namba hii tu ni kumtwika hesabu ambayo Quetelet aliifanya kwa ajili ya umma.

Nawe msomaji, chukua kamba iliyo sawa na urefu wako, ikunje katikati, kisha izungushe kiunoni. Ncha zikikutana, kiuno chako hakijavuka nusu ya urefu wako. Zikikataa kukutana, hata kama bango la ukutani limekusifu, nenda kapime presha na sukari wiki hii.